Mizani ya mfukoni ya elfu 28: inakamata rupia ya kuchovya, haikamati iliyozibwa tundu

Naanza na jibu, kwa sababu najua wengi mnasoma mistari miwili ya juu kisha mnakimbilia bei. Mizani nunua. Lenzi iliyokuja nayo mpe mtoto achezee. Kalipa ya plastiki, ile rula ya kubana ya kupimia upana, ni nzuri kuliko sura yake. Vyote vitatu vilinifikia Tanga kutoka Kariakoo kwa basi, jumla Sh 43,000 pamoja na kusafirisha, na katika hizo 28,000 ni za mizani peke yake. Muuzaji alifunga mzigo vizuri, hana lawama.

Mimi ni fundi saa, Ngamiani. Saa za kutengeneza zimepungua, watu wanatazama simu, lakini meza yangu haikosi wageni kwa kuwa pwani hii rupia, zile sarafu za fedha za enzi za Mjerumani, bado zimo masandukuni. Mtu akifiwa na bibi yake, sanduku likifunguliwa, hukosi kukuta kitambaa kimefundikwa na ndani yake mna rupia mbili tatu, senti za tundu, labda na reale, ile sarafu kubwa ya fedha. Basi wanapita kwangu: "Fundi, hii ina kitu?" Miaka yote nilikuwa nawajibu kwa jicho na kwa mlio, nikiigonga ukucha. Sikio langu si baya, lakini sikio halimshawishi mtu aliyekwisha ambiwa kijiweni kwamba ana laki tano mkononi. Tarakimu kwenye kioo zinamshawishi.

Mizani yenyewe ni ndogo, haijazidi simu ya vitufe. Inabeba hadi gramu 200 na inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Haina jina la kiwanda, ina maelezo ya Kichina na Kiingereza tu, betri mbili nyembamba, na mfuniko wa plastiki ambao ukiugeuza unakuwa sinia. Haikuja na jiwe la kupimia, na hili ni kosa. Mizani bila jiwe unaiamini kwa imani tu. Mimi nilikwenda nayo kwa sonara jirani, nikaomba jiwe lake la gramu 50.

"Ami, nikopeshe jiwe mara moja."

"Unataka kunipima mimi au unaipima hiyo?"

"Naipima hii. Wewe nakujua."

Ikasoma 50.01. Nikaweka la gramu 20, ikasoma 20.00. Kwa bei ile sikutarajia. Asiye na sonara jirani achukue sirinji ya mililita 10 ya duka la dawa, avute maji hadi mstari wa 10, aweke kikombe kitupu juu ya mizani, arudishe sifuri, amimine. Isome kumi au karibu sana na kumi. Sirinji nazo zina makosa yake, lakini mizani iliyoharibika kabisa itajulikana.

Sasa kwa nini sehemu ya mia? Kwa sababu rupia ina uzito wake unaojulikana, na hauna siri. Rupia ya Mjerumani, kuanzia zile za kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, zilizoanza 1890, hadi zile za serikali kuanzia 1904, ni gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika elfu. Vipimo hivyo walivichukua kwa rupia ya Uhindi, ile ya Malkia Victoria, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitembea pwani hii kabla yao. Kwa hiyo ukishika kipimo kimoja umeshika rupia za falme mbili. Nusu na robo unagawanya tu. Rupia mbili, kipande kikubwa cha 1893 na 1894, ni gramu 23.32, na hicho kiangalie mara tatu, kwa maana ni adimu na waigaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Sarafu iliyotembea inapungua. Rupia iliyolika usoni kwa Kaiser, mfalme wa Wajerumani, kofia imekuwa laini na tai juu yake hana tena manyoya, inaweza kusoma 11.5 na kitu, au chini kidogo ya hapo, na bado ni halali. Ila ikiwa uso ni mkali kama wa jana na mizani inasema 10, hapo kuna jambo.

Kijana mmoja alinijia akiwa na rupia tatu, anasema ametoka nazo Bagamoyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Rupia, mzee wangu. Za babu. Fedha tupu hizi."

Za babu ni za babu wote. Nikazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza ya 1890, imechakaa, nyeusi kwenye mashina ya mnazi na kwenye manyoya ya simba. Mizani: 11.58. Ya pili 1892, safi zaidi: 11.49. Ya tatu inang'aa, inateleza kidoleni, herufi zimevimba kidogo: 9.47. Kijana akaniangalia. Nikamwambia angoje, tusihukumu kwa uzito mtupu, tuzitie majini.

Kipimo cha maji ndicho kilichonifanya niandike haya yote, kwa hiyo nikieleze taratibu. Kata kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, kiwe kikombe chenye kina cha kuizamisha sarafu yote. Usitumie glasi ya chai, ni nzito, mizani ya gramu 200 itakataa hata kabla hujatia maji. Jaza maji ya kuifunika sarafu, weka juu ya mizani, bonyeza kitufe chenye herufi T ili irudi sifuri. Sasa funga sarafu kwa uzi mwembamba, uzi wa cherehani unatosha, uishushe izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Iwe inaning'inia, mkono wako ndio unaoibeba. Mapovu yakiishika itikise yatoke. Mizani itaonyesha namba ndogo, na namba hiyo ndiyo ujazo wa sarafu. Chukua uzito wake ukavu, gawanya kwa namba hiyo, unapata kile walimu wa fizikia wanakiita densiti.

Fedha safi ni 10.49. Fedha ya rupia, kwa kuwa ina shaba kidogo, inakuja kwenye 10.3. Shaba ni 8.96. Shaba nyeupe na shaba ya manjano zinacheza kati ya 8.4 na 8.9. Hakuna rangi ya kuchovya inayobadili hesabu hiyo, kwa sababu fedha iliyochovywa juu ni utando tu na maji yanapima tumbo.

Ile ya 1890 ilionyesha 1.12. Gawanya: 10.34. Ya 1892 ilionyesha 1.11, ikatoka 10.35. Ile inayong'aa ilionyesha 1.09, na 9.47 kwa 1.09 ni 8.69. Kijana alikuwa na simu, akapiga hesabu mwenyewe, akarudia. Hakubisha. Nikampa na ushahidi wa macho: kwenye meno ya ubavuni, pale vidole vinaposhika zaidi, weupe ulikuwa umeondoka na chini pametokea manjano. Sarafu ya kuchovya huanza kujivua nguo hapo, kwenye meno na kwenye sehemu zilizoinuka, shavu na ncha ya kofia. Fedha halisi ikilika, chini yake kuna fedha.

Hapa lazima niilaumu mizani. Inajizima yenyewe baada ya kama dakika moja, na ikijizima inasahau sifuri uliyoiweka. Uko na uzi mkononi, sarafu imetulia, mapovu umeyatoa, kioo kinazimika. Unaanza upya. Kwa anayepima bangili na kuondoka si tatizo, kwa kipimo cha maji ni karaha. Dawa yake ni kuandaa kila kitu kwanza, uzi umefungwa, ndipo uwashe. Na zima pangaboi. Upepo wa feni ya darini unachezesha tarakimu mbili za mwisho mpaka unajiuliza kama sarafu inapumua.

Nimesema rupia ya 1892 ilifaulu, uzito na maji. Ngoja kwanza, maana hapo ndipo mizani ilipofika mwisho wa akili yake.

Niliiweka chini ya lenzi yangu ya kazi, ile ya jichoni ninayofungulia saa. Juu ya kofia ya Kaiser, kwenye maandishi ya GUILELMUS, herufi M ilikuwa na miguu minene kuliko wenzake, na nafasi kati yake na U ilikuwa laini mno, haina ile mikwaruzo midogo ya miaka iliyotapakaa kwingine kote. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pakatokea duara hafifu sana, upana wa punje ya mtama. Nikatazama upande wa pili, mahali palepale tundu lingetokea: duara jingine, na ukingo wa vishanga pale umechorwa kwa mkono, havilingani. Sarafu hiyo ilitobolewa ikavaliwa. Pwani nzima bibi zetu walivaa rupia kwenye mikufu, na si aibu. Baadaye mtu akaziba tundu kwa fedha, akalehemu, akachonga herufi upya, akasugua. Fedha kwa fedha, mizani itasema nini? Uzito ni ule ule, densiti ni ile ile. Ni rupia halisi iliyochezewa, na kwa mkusanyaji bei yake haifanani kabisa na ya isiyoguswa.

Ndugu zake ni zile zilizowekwa kikonyo cha kuning'inizia ubavuni kisha kikakatwa. Hizo tafuta kwenye meno: ukizungusha ubavu taratibu, kuna mahali meno yanapotea au yamejaa, mara nyingi juu ya kichwa, na rangi ya lehemu ni ya kijivu tofauti. Kuna na zilizokuwa bizimu, zilizolehemiwa pini mgongoni, halafu mgongo ukasuguliwa mpaka simba akawa kivuli. Hizi mizani inaweza kukutonya kwa kuzidi uzito au kupungua, lakini usiitegemee.

Kwa hiyo lenzi ni ya lazima, na ndiyo maana hii ya kwenye seti imeniudhi. Imeandikwa inakuza mara 40. Mimi nimeishi na lenzi jichoni ujana wangu wote, na kwa jicho langu hiyo haizidi mara 10. Kumi zingetosha sana kwa sarafu, sina ugomvi na kumi. Ugomvi ni kuandika 40. Na taa zake mbili ndogo zinamulika moja kwa moja usoni mwa sarafu, metali inawaka weupe, alama zote hafifu zinafutika. Duara lile la tundu halikuonekana kabisa kwa lenzi hiyo na taa zake. Lilionekana kwa mwanga wa dirisha unaokuja kwa ubavu. Ukiwa nayo tayari, zima taa zake, kaa dirishani asubuhi, inamisha sarafu huku na huku. Taa ya zambarau iliyowekwa pembeni ni ya kuangalia noti, kwenye sarafu haina kazi.

Kalipa nayo. Plastiki nyeupe, inasoma sehemu ya kumi ya milimita. Nilitaka kuicheka, lakini plastiki ndiyo sifa yake: haikwaruzi. Kalipa ya chuma mikononi mwa mtu mwenye haraka inaacha mstari kwenye ukingo wa sarafu ambao hautoki. Rupia ni milimita 30 na kitu kidogo. Reale ya Maria Theresa ni 39.5, gramu 28.07.

Reale hiyo inawasumbua watu. Imeandikwa 1780, na mwaka huo ndio aliofariki malkia mwenyewe, Maria Theresa wa Austria, lakini ziliendelea kugongwa kwa mwaka ule ule, miji kama London na Bombay mpaka karne iliyopita, na Vienna mpaka leo. Kwa hiyo kuwa na 1780 hakumaanishi ni ya 1780, wala kuwa ya baadaye hakuifanyi feki. Feki ni ile ya metali nyeupe ya kuuzia watalii. Fedha yake ni sehemu 833 katika elfu, majini inakuja 10.2. Na tazama ubavu: halisi ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yamezunguka. Za kumiminwa kwenye kalibu zina mstari wa mshono ubavuni, au umesuguliwa na tupa mpaka maandishi yamekatika. Uso wa ya kumiminwa nao una vitundu na vipele vidogo, kwa sababu metali ilipoa ndani ya kalibu, haikugongwa kwa nguvu.

Dhahabu sasa. Kila mwaka lazima atokee mtu na tembo wa Tabora. Mnayajua: rupia 15 za mwaka 1916, tembo mbele ya mlima, herufi T, zilizogongwa Tabora wakati wa vita Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari, kwa dhahabu ya Sekenke. Ni nzuri, ni ghali, na kwa hiyo zinaigwa. Halisi ni gramu 7.17, dhahabu sehemu 750. Kipande cha shaba kilichochovywa dhahabu, kama kina upana na unene ule ule, hakiwezi kufika hapo, kitakuja gramu 4 hivi. Akitaka uzito utimie lazima akifanye kinene karibu mara mbili, na unene huo hata asiyejua atauona. Hapa mizani inamaliza shauri kwa sekunde tatu, bila maji, bila lenzi. Kama ulinunua mizani kwa ajili ya hiyo moja tu, imelipa.

Lakini ndugu yake wa Tabora, hela 20 za 1916 (heller, senti ya Mjerumani), mizani haikusaidii. Ziligongwa kwa shida, kwa shaba iliyopatikana, nyingine nyekundu nyingine ya manjano, na uzito wake unatofautiana kipande kwa kipande. Zina sura mbaya, kingo hazijatulia, na vijana wanazitupa wakidhani ni feki. Zileteni.

Sumaku nimeitaja mwisho kwa makusudi. Inakamata chuma, basi. Feki ya shaba iliyochovywa fedha haishikwi na sumaku sawasawa na rupia halisi isivyoshikwa. Wale wanaotelezesha sumaku kali juu ya sarafu iliyoinamishwa, wakiona inashuka polepole wanapiga kelele "fedha!", waijaribu pia kwenye shaba nyekundu. Nayo inashuka polepole.

Shilingi za Mwingereza, zile za simba na milima, msihangaike kuzitia majini. Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo, kuanzia 1948 hazina. Tofauti yao majini ni sehemu tatu za mia ya gramu, na hiyo mizani hii haiiwezi kwa uhakika. Someni mwaka. Kuna anayezisugua za 1952 kwa majivu na limao mpaka zinawaka na kuziuza kwa jina la fedha. Na anayekuambia senti 10 ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane ni ya mamilioni, mwambie mfalme ndiye aliyekaa muda mfupi, senti zake ni nyingi.

Weusi nao una mtihani wake. Fedha ya zamani huwa nyeusi mashimoni na nyepesi juu, na weusi huo haubanduki. Wa kupakwa umelala sawa kila mahali. Gusa kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikirudi na rangi ya viatu, rudisha sarafu kwa mwenyewe na salamu. Ila msisugue. Narudia kwa wale wa limao: msisugue.

Sarafu ndogo za shaba za kina Sultani wa Kilwa, zile zinazookotwa magofuni, msiniletee. Sipimi wala sinunui. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na zile mahali pake ni makumbusho.

Kwa atakayenunua: mizani ya kufika gramu 500 kwa usomaji ule ule wa sehemu ya mia inaongeza kama elfu 10, na nikinunua tena nitachukua hiyo, ili kikombe cha maji kiwe kikubwa na reale izame bila kugusa pembeni. Uliza kabla ya kulipa kama inajizima yenyewe na kama inaweza kuzuiwa. Omba jiwe. Lenzi chukua ya fundi saa, ya kuweka jichoni, isiyo na taa, haifiki Sh 10,000. Betri zitoe usipoitumia, hewa ya bahari ya Tanga imeshaniotesha kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri, nikavisafisha kwa kifutio cha penseli na mizani ikarudi kusoma 50.01 ya sonara.